Barua ya wazi kwa waandaaji wa netiboli ya shule za sekondari Dodoma: kosa liwe kosa kwenye pete zote mbili

Kwa maafisa elimu na maafisa michezo wa mkoa na halmashauri zake nane, kamati za ufundi za mashindano, viongozi wa netiboli mkoani, na wakuu wa shule mnaotoa viwanja.

YAH: MAAMUZI YASIYOFANANA KATIKA NETIBOLI YA UMISSETA (MICHEZO YA SHULE ZA SEKONDARI TANZANIA)

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Netiboli ya shule ikichezwa, kuanzia klasta (kundi la shule jirani) hadi mkoa, lalamiko halibadiliki: refa katuonea. Kocha anatupa kofia chini, wasichana wanatoka wanalia, wazazi wanataja kabila la mwamuzi. Sisi tunaoandika ni waamuzi na makocha wa mchezo huu, na tunaona kwamba mara nyingi refa hajamwonea mtu. Ameamua anavyojua yeye, mwenzake wa upande wa pili naye akaamua anavyojua, na hakuna aliyewahi kuwakalisha wawili hao pamoja wakakubaliana kosa ni lipi. Kwa hiyo hatuombi waamuzi wakali zaidi, wala wapole zaidi. Tunaomba wafanane. Mwamuzi mkali ambaye mwenzake ni mkali vilevile, wachezaji humzoea kabla robo ya kwanza haijaisha. Anayewachanganya ni yule ambaye kipyenga chake na cha mwenzake havisemi lugha moja.

Tuanze na jambo ambalo hata baadhi ya wanaopanga waamuzi hulisahau. Netiboli ina waamuzi wawili, na kila mmoja ana nusu yake ya uwanja, pamoja na mstari mmoja wa pembeni kwa urefu wake wote na mstari wa goli wa nusu yake. Waamuzi hawabadilishani nusu mchezo mzima. Timu ndizo zinazobadilishana magoli kila robo. Basi timu zote mbili hufunga na kukaba mbele ya mwamuzi wa pete ya kwanza, kisha mbele ya mwamuzi wa pete ya pili, kwa muda ulio sawa. Hapo ndipo palipo na kipimo cha bure kabisa. Tuseme mchezo mzima umechezwa robo nne, na kwenye pete ya upande wa madarasa beki amepigiwa kipyenga cha kugusana mara tisa, huku upande wa mnazi, au mwembe, au chochote kilichosimama kule, amepigiwa mara moja. Tofauti hiyo si ya timu, maana timu ni zilezile na zimecheza pande zote. Tofauti hiyo ni ya waamuzi.

Ndiyo maana tunasema pia: giza likikaribia, msikate robo ya nne. Ukicheza robo tatu za dakika 15 na kufunga hesabu, timu moja imefunga mara mbili kwenye pete ya mwamuzi mkali na mara moja kwenye pete ya mwamuzi mpole, na mwenzake kinyume chake. Bora mpunguze robo zote nne ziwe za dakika 10 kabla mpira haujaanza. Muda ni karibu uleule, haki ni tofauti sana. Na mliamue mapema asubuhi, si saa kumi na moja na nusu jioni wakati matokeo yapo kwenye ubao.

Sasa tuingie uwanjani, maana huko ndiko maneno "mwamuzi mbovu" yanapopata sura.

Kosa linaloleta ugomvi kuliko yote ni kugusana, kontakti kama tunavyosema wenyewe. GS (mfungaji) amesimama hatua moja kutoka kwenye nguzo, amempa beki mgongo, mkono wake mmoja umenyooshwa kuomba mpira wa juu. Nyuma yake GK (beki wa goli) ameweka paja dhidi ya paja na kifua kimeegemea bega. Mpira unakuja. Wakati GS anataka kuruka, nyonga ya GK inamsukuma kiasi cha upana wa kiganja, naye anatua nje ya mstari. Mwamuzi aliyesimama pembeni, usawa wa nusu uwanja, ameona migongo tu na mpira uliotoka nje. Anatoa mpira wa kurusha kwa timu ya beki. Mwamuzi aliyekwisha kukimbilia mstari wa goli na kusimama mahali anapoona mwanga kati ya miili miwili ameona nyonga. Anatoa penati. Hao wawili wanajua sheria ileile. Kilichowatofautisha ni miguu yao, yaani mahali walipokuwa wamesimama.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la kusawazisha waamuzi si kusoma kitabu, ni kukimbia. Mpira ukivuka kuingia theluthi ya goli, mwamuzi wa nusu ile awe anashuka na mstari wa pembeni mbele ya mpira, na ukiingia kwa WA (mshambuliaji wa pembeni) au GA (mfungaji wa pili) aliye karibu na duara la kufungia, awe amefika mstari wa goli. Huko atasogea kushoto na kulia kutafuta uwazi kati ya mfungaji na beki. Mwamuzi asiyeweza kufanya hivyo kwa dakika 60 hawezi kufanana na anayeweza, hata wakisoma kitabu pamoja mwaka mzima.

Baada ya miguu ndipo lije swali la kipimo. Sheria haikatazi kila kugusana. Inakataza kugusana kunakomzuia mpinzani kucheza. Swali la kujiuliza ni moja: je, kugusana huku kumemnyima kitu, kama kuruka, kupokea, kurusha au nafasi aliyokuwa ameshaipata? Kama jibu ni ndiyo, piga. Kama wamesuguana wote wawili na mpira umeendelea, acha. Mwamuzi anayepiga kila ngozi ikigusa ngozi anaua mchezo, na yule anayesema "hawa ni mabinti wenye nguvu, waache wacheze" anawapeleka zahanati. Mara nyingi kuumia kwa robo ya nne kulianzia kwenye kipyenga ambacho hakikupigwa dakika ya tatu.

Kuziba ndilo kosa ambalo lingeweza kupimwa kwa rula, na ajabu ndilo tunalotofautiana zaidi. Anayemkaba mwenye mpira anatakiwa awe umbali wa sentimita 90. Umbali huo unapimwa chini, ardhini, kutoka mguu aliotulia nao mwenye mpira hadi mguu wa beki ulio karibu zaidi. Mguu ule ukishainuliwa, tunapima kutoka pale ulipokuwa. Waamuzi wengi hupima mikono. Beki mrefu akijikunja mbele na kidole kikakaribia mpira, kipyenga kinalia, ilhali miguu yake iko nyuma ya sentimita 90 na anachofanya ni ufundi halali. Beki mfupi aliyejisogeza hadi sentimita 70 na mikono yake iko chini ya kidevu cha mfungaji, huyo anaachwa kwa sababu "haonekani kusumbua". Halafu kuna mfungaji mjanja: anapokea mpira beki akiwa mbali vizuri, kisha anapiga hatua mbele kumwendea beki na kulalamika kwamba amezibwa. Aliyepunguza umbali ni yeye, na hilo si kosa la beki. Waamuzi wawili wasiposema jambo hili kwa sauti kabla ya mchezo, mmoja atampa penati na mwingine atampuuza, na msichana atarudi kwa kocha wake kuuliza afuate lipi.

Dawa yake ni mpini wa ufagio. Ukate sentimita 90, usugue ncha, upake rangi nyekundu katikati. Kila mwamuzi awe nao siku ya mafunzo. Wanafunzi wawili wanasimama, mwamuzi anasema "ndani" au "nje", kisha mpini unalazwa chini kati ya miguu. Mara 20 mfululizo, kwa umbali unaobadilishwabadilishwa, akiwa amesimama pembeni kisha kwenye mstari wa goli, kwa sababu jicho hudanganywa na pembe. Jicho lisilowahi kusahihishwa na mpini huo linakisia tu.

Sekunde tatu nazo zina maradhi yake. Mwenye mpira ana sekunde tatu za kuuachia, na hakuna mwamuzi anayeangalia saa, wote tunahesabu kichwani. Uwanja ukiwa kimya tunahesabu polepole. Mashabiki wakianza kupiga madebe, moja-mbili-tatu inakuwa kama pumzi moja. Jaribuni hili: mwamuzi afumbe macho, aseme "sasa" na "tatu", mwenzake ashike saa ya simu. Mtashangaa kuona wengine wanaishia sekunde moja na nusu na wengine wanavuka nne. Kuhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu" kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida humrudisha mtu karibu na sekunde tatu, lakini kila mtu apimwe na saa na arekebishe mwendo wake. Zoezi hilo lirudiwe akiwa ametoka kukimbia mizunguko miwili ya uwanja, maana moyo ukienda mbio, hesabu nayo huenda mbio.

Stepu, yaani makosa ya miguu ya mwenye mpira, hatutazizungumza kwa urefu kwa sababu sheria yake inaeleweka: ukitua kwa mguu mmoja, wa pili unaruhusiwa kwenda popote, na wa kwanza unaweza kuuinua lakini mpira uwe umetoka mkononi kabla haujarudi chini. Tatizo la Dodoma ni mchanga. Kwenye uwanja wenye vumbi tifutifu mguu unateleza wenyewe, na sheria inakataza kuburuta mguu ule uliotulia nao. Mmoja anapiga kila mtelezo, mwingine hapigi hata mmoja. Hapa hatuwezi kuwalaumu waamuzi kabla hatujalaumu uwanja.

Na uwanja, waheshimiwa, ni nusu ya uamuzi. Juni na Julai upepo wa kipupwe hapa kwetu hauna huruma. Mstari uliochorwa kwa majivu makavu saa mbili asubuhi, saa nne haupo. Mwamuzi anaulizwa kama GA alikuwa ndani ya duara alipofunga, naye anatazama ardhi isiyo na duara. Atasema nini? Atasema anachodhani, na mwenzake kwenye pete ya pili atadhani vingine.

Vipimo ni hivi, na mtu wa kamati avikague kwa futi ya kamba, asipime kwa hatua. Urefu mita 30.5, upana mita 15.25, umegawanywa theluthi tatu zilizo sawa. Duara la senta lina kipenyo cha mita 0.9. Nusu duara la kufungia lina nusu kipenyo cha mita 4.9 kutoka katikati ya mstari wa goli. Chukueni kamba isiyovutika, fungeni fundo mita 4.9, mmoja ashike chini ya nguzo na mwingine azunguke na kijiti. Nyaya za plastiki na kamba za viatu huvutika, na duara linatoka na umbo la yai. Mistari isizidi upana wa sentimita 5, nayo ni sehemu ya uwanja, hivyo mpira ukigusa mstari bado uko ndani. Pete iwe mita 3.05 kutoka ardhini, kipenyo chake cha ndani milimita 380. Pete za kuchomelea huinama mbele baada ya misimu miwili kwa sababu wanafunzi huzining'inia. Ipimeni mbele na nyuma, si pembeni tu. Na nguzo iliyochimbiwa chini ipimwe upya kila mwaka, maana mvua hubadilisha kimo cha ardhi.

Kuhusu mchanga: uwanja huo una mita za mraba 465 hivi. Lita mbili kwa kila mita ya mraba ni kama lita 930, yaani simtanki moja la lita 1,000 lililojaa. Tunajua maji ya Dodoma yalivyo, hatuombi bustani. Tunaomba simtanki moja jioni ya kuamkia mchezo, limwagwe kwa ndoo zenye matundu, kisha uwanja ushindiliwe kwa pipa lililojazwa mchanga ambalo wanafunzi watalisukuma. Asubuhi chimbeni mfereji mwembamba wa kina cha kidole kwenye kila mstari, mjaze chokaa iliyokwisha kuzimwa na kukorogwa na maji hadi iwe kama uji mzito. Mstari wa namna hiyo hukaa siku nzima. Chokaa kavu msitumie kabisa, upepo ukiipeleka machoni mwa wachezaji mtakuwa na tatizo kubwa kuliko duara. Na msitandaze kamba kama mstari, mguu ukinasa ni kifundo.

Mkifanya hivyo, waamuzi wataweza kukubaliana kwamba mguu ukiteleza ni kosa, na wachezaji wataona ni haki.

Sasa upangaji. Mnajua msemo: mcheza kwao hutunzwa. Kwa ngoma ni sawa, kwa kipyenga hapana. Waamuzi wa shule ni walimu, na walimu hao ndio makocha, na wengine wamo kwenye kamati inayochagua wachezaji wa timu ya mkoa. Mwalimu mmoja anavaa kofia tatu siku moja. Hatusemi anapendelea. Tunasema hata asipopendelea, hakuna atakayemwamini, na mwamuzi asiyeaminika huanza kupiga vipyenga vya kujisafisha: anaiadhibu timu ya kwao ili aonekane mwadilifu. Huo nao ni uonevu, na tunaudharau kama aina nyingine zote.

Hesabu inawezekana. Halmashauri nane, makundi mawili ya timu nne nne. Kila kundi lina michezo sita, jumla 12. Ongeza nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali: michezo 16, vipyenga 32 (waamuzi wawili kila mchezo). Kila halmashauri ikileta waamuzi wawili, mnao 16. Hatua ya makundi inahitaji vipyenga 24, ikichezwa kwa siku mbili ni 12 kwa siku, hivyo hakuna anayelazimika kuchezesha zaidi ya mmoja kwa siku, na wanne wanabaki akiba. Mwamuzi wa halmashauri ya kundi la kwanza achezeshe kundi la pili, na wa pili kwa la kwanza. Lakini hapa kuna mtego. Siku ya mwisho ya makundi, mwamuzi kutoka kundi la kwanza ambaye timu yake imeshafuzu ana maslahi ya kujua nani atakutana naye nusu fainali. Kwa hiyo siku hiyo anzeni na walimu ambao timu zao zimeshatolewa, na pale wasipotosha, mchezo wa mwisho wa kila kundi uanze kwa wakati mmoja, viwanja viwili, ili asiwepo anayepiga hesabu za mwenzake. Nusu fainali na fainali zinajipanga zenyewe: halmashauri nne zimeshatoka, mna waamuzi wanane wasio na timu.

Majina ya waamuzi wa mchezo yabandikwe pamoja na ratiba, jioni kabla. Kubadilisha refa dakika tano kabla ya kuanza kwa sababu kocha mmoja amenong'ona na mtu wa kamati ni jambo ambalo hata likifanywa kwa nia njema linaharibu mashindano mazima.

Posho itoke mfuko mmoja, kiasi kimoja kwa wote, ilipwe kwa ratiba iliyotangazwa. Mwamuzi anayelishwa chakula cha mchana na shule mwenyeji, huku mwenzake aliyetoka Mpwapwa au Kondoa alfajiri anakula muhogo wa kununua getini, hao hawawezi kusimama sawa uwanjani. Hili halihitaji maelezo marefu.

Kabla ya mchezo wa kwanza tunaomba asubuhi moja. Muda wa saa nne tu. Waamuzi wote 16, wanafunzi 14 wa kuigiza, mpira mmoja wa namba 5. Saa ya kwanza, kitabu: kamati itaje ni toleo gani la sheria linalotumika. Hili si dogo. Kuna waliosoma kabla ya 2016, kuna wa 2016, wa 2020 na wa 2024. Aliyesoma zamani bado anamwacha mchezaji aliyeumia atibiwe uwanjani kwa dakika mbili, wakati sheria tangu 2016 inamtaka atoke ndani ya sekunde 30 akatibiwe nje. Anayetolewa kwa muda hukaa nje dakika mbili za mchezo, siyo "mpaka nitakapokuita". Kwenye mpira wa kurushwa kati ya wawili, wengine hurusha juu kama kikapu na mrefu anashinda kila mara, ilhali unatakiwa uanzie chini kidogo ya bega la aliye mfupi na usipande zaidi ya sentimita 60, kipyenga kikilia pale unapouachia. Kwenye penati, aliyefanya kosa peke yake ndiye anayesimama kando ya mpigaji asicheze hadi mpira utoke mkononi. Beki mwingine anaruhusiwa kukaba kwa umbali wake. Kuna waamuzi wanaowaondoa mabeki wote kama penati ya soka.

Saa ya pili, mipini na saa ya simu kama tulivyoeleza. Saa ya tatu wanafunzi waigize matukio 12 kwa mwendo wa polepole kisha kwa kasi: nyonga kwenye pete, mkono uliotandazwa mbele ya asiye na mpira, mchezaji anayeingia theluthi ya kati kabla ya kipyenga cha senta (pasi ya kuanzisha mchezo katikati), mpira unaoruka theluthi nzima bila kuguswa, na mengineyo. Kila mwamuzi aandike jibu kwenye karatasi bila kuchungulia: kosa lipi, adhabu gani, ipigwe wapi. Kisha karatasi zisomwe. Mnapotofautiana, msipige kura. Fungueni kitabu. Kitabu kikiacha hiari, mkubaliane mpaka mmoja na mkatibu auandike, ubandikwe mahali makocha watauona. Saa ya nne ichezwe mechi ya dakika 7 kwa kila jozi, wengine wakiandika pembeni.

Moja ya mambo ya kuandikwa ni faida. Mwamuzi anaruhusiwa kutopiga kosa kama kipyenga kitamwumiza aliyekosewa. Lakini anatakiwa aonyeshe kwa mkono na kusema "faida, kontakti" ili beki ajue ameonekana. Asiyeonyesha mkono hajatoa faida, amelala. Tusimruhusu mtu kusema mapumziko "nilitoa faida" kwa kosa ambalo hakuliona.

Wakati wa mashindano awepo mkaguzi mmoja wa waamuzi asiyechezesha siku hiyo, na karatasi yenye safu nne: kosa, pete, mwamuzi, dakika. Si kazi ngumu, mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kumsaidia kuandika. Jioni waamuzi wakae nusu saa na karatasi hizo. Tahadhari: msiitumie kutafuta timu zipate idadi sawa ya makosa. Timu inayokaba kwa fujo itapigiwa zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachotafutwa ni ile tofauti ya pete na pete tuliyoanza nayo. Ikiwezekana simu iwekwe kwenye mti nyuma ya kila nguzo irekodi, lakini picha hizo ni za wasichana wa shule. Zitazamwe na waamuzi, zifutwe, zisiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Meza nayo ina lawama zake. Senta inapigwa kwa zamu, timu hii kisha ile, bila kujali nani kafunga la mwisho. Mwandishi akikosa kuweka alama mara moja, senta zote zinazofuata zinakwenda kombo na mchezo wa tofauti ya goli moja umeharibika. Waandishi wawe wawili, mmoja kila timu, karatasi moja, na mtunza muda wa tatu. Herufi za senta ziandikwe kwa kalamu mbili za rangi tofauti, kosa linaonekana haraka. Pia vipyenga: viwanja viwili vikiwa jirani, wachezaji husimama kwa kipyenga cha wenzao. Uwanja mmoja utumie filimbi yenye punje, mwingine isiyo na punje. Nao wenye filimbi ya punje wawe na ya akiba mfukoni, vumbi likichanganyika na mate inakwama na inatoa pumzi tu.

Malalamiko tunashauri myatenge mafungu mawili. Hukumu ya jicho, kama mguu ulikuwa ndani au nyonga ilisukuma, haikatiwi rufaa, na kocha anayeikatia arudishiwe karatasi yake palepale. Lakini kosa la kanuni, kama senta kupewa timu isiyo na zamu, robo kukatwa, au mchezaji aliyetolewa kurudi kabla ya dakika mbili, hilo likatiwe rufaa kwa maandishi ndani ya nusu saa, bila ada, na lijibiwe kwa maandishi usiku huohuo. Leo yote mawili yanapelekwa kwa kelele, na anayesikilizwa ni mwenye sauti kubwa.

Mipini 16 tutakata sisi na tutaileta na rangi yake. Futi ya kamba ya mita 50 tunayo. Tunachosubiri kwenu ni tarehe ya ile asubuhi moja, kabla droo haijachezeshwa, na jina la toleo la sheria tutakalolisoma.

Wenu,
Waamuzi na makocha wa netiboli ya shule za sekondari, Dodoma